Barua ya shule imefika, je, mzazi ameielewa?

THORNTON HEATH, London – Kila mwezi wa Julai, huko Marekani, hukutana watu ambao wengi wetu hatukuwahi kujua kwamba kazi yao ipo. Ni maafisa uhusiano na mawasiliano wa shule. Chama chao cha kitaifa, kijulikanacho kwa herufi NSPRA, kiliundwa mwaka 1935, na mkutano wao wa mwaka huwakusanya mamia ya watu kutoka majimbo mbalimbali. Hujadili namna ya kumwandikia mzazi, namna ya kutangaza kufungwa kwa shule wakati wa dharura, namna ya kuzungumza na waandishi wa habari, na namna ya kujua kama ujumbe uliotumwa umefika ulikokusudiwa.

Kwa waandishi kama sisi, tuliokimbia kwetu kwa sababu ya kalamu, cheo cha afisa uhusiano hakileti kumbukumbu nzuri. Kule tulikotoka, afisa uhusiano ndiye aliyekuwa akituambia mkubwa yuko kikaoni, njooni kesho. Kesho tukirudi, mkubwa amesafiri. Kwa hiyo habari za mkutano wa watu wa aina hiyo zingeweza kutupita bila ya kuzijali.

Lakini hapa Thornton Heath, mtaa wa kusini mwa London ulio ndani ya manispaa ya Croydon, kazi ya watu hao inaingia majumbani mwetu kila siku. Ni barua ndani ya mkoba wa mtoto, ujumbe katika simu, waraka wa mwalimu mkuu kwa barua pepe. Swali tunalotaka kuliuliza leo ni moja: barua ikishatumwa, nani mwenye wajibu wa kuhakikisha kwamba imeeleweka?

Kwa nini shule inahitaji afisa uhusiano

Msomaji aliyesoma shule ya serikali Tanga, Mombasa au Bukavu anaweza kushangaa. Shule ya nini na uhusiano wa umma? Kwetu mwalimu mkuu alipiga kengele, akasema, na mambo yakaisha.

Hapa Uingereza jambo hili lina historia yake. Sheria ya Elimu ya mwaka 1980 ililazimisha shule kuchapisha taarifa zake kwa wazazi, na ikawapa wazazi nafasi katika bodi za shule. Sheria ya mwaka 1988 ikafanya fedha za shule zifuate idadi ya wanafunzi: shule yenye watoto wengi inapata fungu kubwa, iliyokimbiwa inapungukiwa. Mwaka 1992 serikali ikaanza kutoa orodha za matokeo ya mitihani, na magazeti yakazipanga shule kama timu za ligi. Baada ya hapo shule ikabidi ijitangaze kama duka.

Kisha, hasa baada ya sheria ya mwaka 2010, shule nyingi zikatoka mikononi mwa halmashauri na kuwa akademia zinazoendeshwa na taasisi zenye shule nyingi. Mojawapo ya kubwa, Harris Federation, ina makao yake papa hapa Croydon. Ilianza na shule moja karibu na Crystal Palace mwaka 1990, na sasa ina zaidi ya shule 50 ndani ya London na pembeni mwake. Taasisi ya ukubwa huo haiwezi kuishi bila ya watu wa mawasiliano.

Kwa hiyo kazi hii ina sura mbili. Ya kwanza ni kuipamba shule ili wazazi wailetee watoto. Ya pili ni kumweleza mzazi yanayomhusu mtoto wake. Sura ya kwanza inafanywa vizuri: mabango yanang'aa, picha za watoto wanaocheka zimejaa katika tovuti. Sisi tunaipima kazi hiyo kwa sura ya pili.

Neno moja, maana mbili

Croydon ilikuwa na watu zaidi ya 390,000 kwa sensa ya mwaka 2021, wengi kuliko manispaa nyingine yoyote ya London. Katikati yake lipo jengo la Lunar House la Wizara ya Mambo ya Ndani, ambalo wakimbizi wengi waliopita humo kuomba hifadhi hawalisahau. Baadhi yao walibaki kuishi karibu. Ndiyo maana katika barabara kuu ya Thornton Heath utasikia Kiswahili cha Unguja, cha Mombasa, cha Brava na cha Kongo kabla hujafika kwenye mnara wa saa. Kwa Uingereza nzima upande wa England, mwanafunzi mmoja katika kila watano hivi anatoka nyumba ambayo Kiingereza si lugha ya kwanza.

Mzazi wa namna hii anapopokea barua ya shule, shida yake si sarufi peke yake. Yapo maneno yanayobeba historia. Kwa mfano, neno la Kiingereza linalotumiwa na shule kusema kwamba mtoto atabakizwa darasani baada ya masomo ndilo hilo hilo linalotumika kwa mhamiaji anayefungiwa akisubiri kurudishwa kwao. Mwalimu anaona ni adhabu ya nusu saa. Mama aliyewahi kumsindikiza ndugu yake kwenye kizuizi cha uhamiaji analisoma neno hilo na mikono inamtetemeka. Majirani wametuletea barua za aina hiyo tuwasomee, na tumeona nyuso zao kabla na baada ya kuelezwa.

Hali kadhalika kuna suala la mzazi kuitwa shule. Kwetu mzazi akiitwa shule ujue kuna jambo: mtoto amepigana, ametoroka, au ada haijalipwa. Hapa mzazi anaalikwa jioni kuzungumza na walimu hata kama mtoto wake ni wa kwanza darasani. Asiyekwenda anahesabiwa kwamba hajali. Yeye kwa upande wake anadhani anamheshimu mwalimu kwa kutomwingilia kazi yake. Pande zote mbili zina nia njema, na zote mbili zinadhaniana vibaya. Hapo ndipo afisa mawasiliano mzuri angestahili mshahara wake.

Mtoto kuwa mkalimani wa kesi yake

Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mtoto ndiye anayetafsiri. Anasoma barua, anamweleza mama, anajibu simu ya shule kwa niaba ya baba. Katika kikao na mwalimu anakaa katikati, akigeuza maneno huku na kule. Sasa tujiulize: mtoto aliyegombana na mwalimu wa hesabu atamtafsiria baba yake nini? Ni sawa na mshitakiwa kupewa kazi ya ukarani wa mahakama.

Na si suala la udanganyifu tu. Mtoto wa miaka kumi anapobebeshwa kueleza habari za ugonjwa wa nduguye, au deni la nyumba, au kwamba yeye mwenyewe ana tatizo la kujifunza, anabebeshwa mzigo usio wake. Na mzazi naye anashushwa mbele ya mwanawe.

Wenzetu wa Marekani walilifikia jambo hili zamani. Waraka wa serikali kuu wa tarehe 25 Mei 1970 uliziambia shule kwamba wazazi wa asili nyingine lazima wapewe taarifa zile zile wanazopewa wazazi wengine, na kwamba huenda ikabidi zitolewe kwa lugha nyingine. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, iliyohusu wanafunzi wa asili ya Kichina wa San Francisco, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba kumpa mtoto kitabu kile kile na mwalimu yule yule si usawa ikiwa haelewi lugha. Januari 2015 mwongozo wa serikali ukaenda mbali zaidi, ukazitaka shule zisimtumie mwanafunzi, ndugu yake wala rafiki yake kuwa mkalimani wa mzazi. Kwa sababu hiyo leo ziko shule, kwa mfano za Louisville katika jimbo la Kentucky walikohamishiwa wakimbizi wengi wa Kongo, ambazo zinawasiliana na wazazi kwa Kiswahili.

Ni kweli kwamba mwaka 2025 serikali ya Rais Trump iliuondoa mwongozo huo wa 2015. Hata hivyo Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, ambayo ndiyo mzizi wa yote hayo, haijafutwa.

Hapa Uingereza ipo Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, ambayo inakataza shule kumbagua mtoto kwa rangi, uraia au asili yake. Lakini sheria hiyo haitaji popote kwamba barua itafsiriwe. Jambo limeachwa kwa utashi wa kila shule, na kwa mfuko wake. Wala tusiitegemee sana halmashauri ya Croydon, ambayo mwaka 2020 na tena 2022 ilitangaza rasmi kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake.

Kutoelewa kuna bei yake

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo. Basi tuhesabu pamoja.

Tangu Agosti 2024, England nzima ina utaratibu mmoja wa faini za utoro. Mtoto akikosa shule nusu siku kumi, yaani siku tano, bila ya ruhusa katika muda wa wiki kumi za masomo, faini inaweza kutolewa. Ni pauni 80 ikilipwa ndani ya siku 21, na pauni 160 ikilipwa baada ya hapo hadi siku ya 28. Faini hiyo ni ya kila mzazi kwa kila mtoto. Ya pili kwa mtoto huyo ndani ya miaka mitatu ni pauni 160 moja kwa moja. Baada ya hapo hakuna faini ya tatu, mzazi anaweza kupelekwa mahakamani.

Chukua baba na mama wenye watoto wawili, waliosafiri Mombasa wiki mbili za Juni kwa sababu tiketi za Agosti hazishikiki. Walimwambia mwalimu mlangoni, mwalimu akatabasamu, wakadhani wameruhusiwa. Kumbe ruhusa hutolewa na mwalimu mkuu peke yake, kwa maombi ya mapema, na kwa sababu zisizo za kawaida. Faini yao ni pauni 320, na wakichelewa kulipa ni 640. Yote yalikuwa yameandikwa, lakini katika barua ambayo hawakuielewa.

Hata kwa Kiswahili

Wala tusidhani kwamba tatizo hili ni la Kiingereza tu, au kwamba tafsiri peke yake ni dawa. Tanzania walisema kwa Kiswahili fasaha na bado hawakuelewana.

Mwishoni mwa mwaka 2015, serikali ya Rais Magufuli ilitoa waraka wa kufuta ada na michango ya lazima kuanzia shule ya awali hadi kidato cha nne, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Wananchi wakasikia neno moja: bure. Wapo wazazi walioelewa kwamba sare, madaftari, chakula na kila kitu sasa ni juu ya serikali, na shule nyingi zikashindwa kuchangisha hata pale wazazi walipokuwa tayari. Mei 2016 Wizara ya Elimu ikalazimika kutoa waraka mwingine, Namba 3 wa mwaka huo, kueleza upya nani anawajibika kwa lipi.

Maafisa habari wa serikali ya Tanzania wana chama chao, TAGCO, na wanakutana katika vikao kazi kama wenzao wa Marekani. Lakini anayesimama mbele ya mzazi aliyekasirika ni mwalimu mkuu na kamati yake ya shule. Kama hao hawakuelezwa mapema, mikutano ya wakubwa haimsaidii mzazi. Ndiyo maana wanataaluma hii husisitiza kwamba mawasiliano ni njia ya kwenda na kurudi: unasema, kisha unasikiliza ulichoeleweka kusema.

La kufanya

Kwa shule za hapa kwetu, hatuombi makubwa. Barua ianze na jambo linalotakiwa na tarehe yake, kisha maelezo. Maneno yenye maana mbili yaelezwe. Katika mambo mazito, kama kusimamishwa shule au mahitaji maalumu ya mtoto, atafutwe mkalimani mtu mzima. Na shule iwaulize wazazi wachache wa kila lugha kama wameelewa, kabla ya kuhesabu barua zilizotumwa.

Kwa wazazi wenzetu, kuuliza si ujinga. Unapojaza fomu ya kumwandikisha mtoto, andika kwamba lugha ya nyumbani ni Kiswahili, kwani shule hutakiwa kuikusanya taarifa hiyo. Omba mkalimani siku kadhaa kabla ya kikao, kwa maandishi. Shule ya halmashauri ikikwambia taarifa ziko katika tovuti, unaweza kuomba nakala ya karatasi bila malipo. Tafsiri ya simu ikusaidie kujua barua inahusu nini, lakini usitie sahihi kwa kuitegemea hiyo peke yake.

Na ukutani, karibu na kalenda ya Ramadhani au ya kanisa, andika tarehe mbili: Oktoba 31 kwa wanaoomba nafasi ya sekondari, na Januari 15 kwa wanaoomba ya msingi. Anayechelewa huangaliwa baada ya waliowahi.