Bima ya Afya kwa Mtoto wa Kaya Maskini

Toto Afya Kadi ilianzishwa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ili kuwafikia watoto wa Tanzania ambao wazazi wao hawamo katika ajira rasmi. Mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 18, na kwa kadi hiyo mtoto alitibiwa hadi hospitali za rufaa.

Bima husimama kwa fedha za wasiougua. Watoto wengi wenye afya wanapochangia, michango yao ndiyo inayolipia upasuaji wa mmoja au matibabu ya miaka mingi ya mwenye selimundu. Kadi hii ilikuwa ya hiari, tena ya mtoto mmoja mmoja. Muuza mboga mwenye watoto wanne angetoa wapi 201,600 za kuwakatia wote? Alimkatia anayeugua, na hakuna mzazi wa kulaumiwa kwa hilo. Lakini mfuko ukajaa wagonjwa, wachangiaji wenye afya wakawa wachache, na Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Wazazi wakaelekezwa kuwasajili watoto kupitia shule, utaratibu usiomfaa mtoto mchanga wala wa miaka mitatu.

Kisera, mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bure katika vituo vya serikali. Dawa ikikosekana dirishani, hata hivyo, mzazi huandikiwa akanunue duka la dawa.

Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa (CHF) ulifuata njia iliyo bora kuliko ya Toto Afya Kadi: mikoani, kaya ya watu sita ililipa 30,000 kwa mwaka, mzima na mgonjwa kwa pamoja. Udhaifu wake ulikuwa mafao finyu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inaisajili kaya nzima na kuweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, unaotegemea kodi za bidhaa kama vinywaji baridi, vileo na vipodozi. Ugumu utakuwa kwa kaya ya dereva wa bodaboda au mama lishe: haihesabiwi miongoni mwa maskini, wala haina akiba ya kulipa mchango wa mwaka kwa mkupuo. Kaya hiyo iruhusiwe kulipa kidogo kidogo, kadiri kipato kinavyoingia, la sivyo watoto wake watabaki bila kadi.