Mbu mgeni wa malaria anayezaliana kwenye maji ya nyumbani

Wakimbizi na wenyeji wa Muyinga na Gitega wanaijua malaria. Mlipuko wa mwaka 2000 na 2001 uliathiri sana maeneo ya milimani nchini Burundi, na Machi 2017 serikali ilitangaza mlipuko mwingine. Sasa wataalamu wa afya wanatahadharisha kuhusu mbu mgeni anayesambaa Afrika, aitwaye Anopheles stephensi.

Ametoka wapi?

Asili yake ni Asia Kusini na Rasi ya Arabuni. Barani Afrika aligunduliwa kwanza Djibouti mwaka 2012, kisha Ethiopia na Sudan. Mwaka 2023 Kenya nayo ilitangaza kumpata. Djibouti iliripoti wagonjwa 27 wa malaria mwaka 2012. Mwaka 2020 walizidi 73,000.

Kwa nini ni hatari?

Mbu wa malaria tuliowazoea huzaliana zaidi mabondeni, kwenye mashamba ya mpunga na mashimo ya kufyatulia matofali. Huyu hutaga hata kwenye maji safi ya pipa au tangi, kwa hiyo hustawi mjini. Huweza kuuma mapema jioni, watu wakiwa bado nje, na dawa kadhaa za kuua mbu hazimwezi.

Katika mji wa Gitega na katika kambi ya Kinama, huko Gasorwe, Muyinga, familia nyingi huweka akiba ya maji. Hatuwezi kuacha kuweka maji, lakini tunaweza kuyafunika. Mbu aliyezaliwa kwenye pipa la kambini huuma pia kijijini, na wa kijijini huuma kambini.

Tufanye nini?

- Funika mapipa, ndoo na bidoni. Kama mfuniko umepotea, funga kitambaa safi kwa kamba.
- Kila wiki, maliza maji ya zamani na usugue chombo ndani kabla ya kukijaza tena. Yai huweza kuwa mbu kwa wiki moja hadi mbili.
- Ondoa makopo na matairi yanayotuama maji ya mvua.
- Endelea kulala ndani ya chandarua chenye dawa. Mbu wa zamani bado wapo.
- Ukiona viluwiluwi kwenye maji ya nyumbani, mjulishe mhudumu wa afya wa jamii.
- Ukipata homa, nenda kituo cha afya upimwe ndani ya saa 24. Kwa mtoto mdogo au mama mjamzito, usisubiri kesho.