MKANDA UMEBADILISHWA. JE, UNAFANYA KAZI?

Umepanda mchomoko pale Kahama, unakwenda Geita. Umekaa mbele. Dereva anakuambia, "Mdogo wangu, vuta mkanda, mbele kuna trafiki." Unauvuta, unaulaza kifuani bila kuufunga, na mkishapita kizuizi unauachia. Kijana mwenzangu, mkanda wa namna hiyo unamkinga dereva na faini. Wewe haukukingi hata kidogo.

Kwa nini mkanda?

Kumbuka somo la Fizikia: kitu kilicho kwenye mwendo huendelea na mwendo mpaka kizuiwe. Gari likigonga kwa kilometa 60 kwa saa, gari linasimama, lakini mwili wako unaendelea na mwendo uleule mpaka ukutane na kioo. Ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa meta 14, yaani juu ya jengo la ghorofa nne! Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa dereva na abiria wa mbele kwa karibu nusu.

Tatizo liko wapi?

Magari haya hufanya kazi sana. Vumbi la barabara za changarawe huingia kwenye kikunjio, kile kibweta chenye springi kinachovuta mkanda urudi. Mkanda ukiharibika, mwenye gari hununua wa mtumba na fundi anaufunga. Mkanda huo huenda ulitolewa kwenye gari lililopata ajali. Mkanda uliowahi kumzuia mtu kwenye ajali kubwa umeshavutika, hautakiwi kutumika tena. Wengine hupeleka uliochanika kwa fundi viatu ukashonwe. Hatari! Utepe wa mkanda hutengenezwa kubeba uzito wa zaidi ya tani moja. Uzi wa viatu hauwezi.

Upime mwenyewe, dakika moja tu, gari likiwa limesimama

1. *Tazama utepe wote.* Usiwe na mchano, nyuzi zilizotoka, mshono wa mkono wala alama ya kuungua kwa msuguano.

2. *Funga.* Lazima usikie "ka!" Vuta kwa nguvu: usichomoke. Bonyeza kitufe: uachie mara moja. Unaogoma kufunguka ni hatari pia, maana utakuzuia kutoka gari likiwaka moto.

3. *Vuta polepole.* Utoke bila kukwama, na ukiuachia urudi wote.

4. *Vuta ghafla.* Ugome papo hapo. Rudia mara tatu. Usipogoma, usiuamini mpaka fundi auangalie.

5. *Tikisa pale ulipofungwa kwenye bodi.* Bolti ikicheza, mkanda utang'oka nayo.

Kwa wewe unayejifunza ufundi gereji

Kikunjio kina kigololo au kipande kidogo cha chuma kinachosogea gari linapofunga breki ghafla, kikalikamata gurudumu la meno. Ukikifunga kimelala upande, mkanda utagoma kila wakati au hautashika kabisa. Kwa hiyo tumia mkanda wa aina ileile ya gari, bolti zake zenyewe, na mkao uleule. Usipake mafuta, kwani hukusanya vumbi. Utepe mchafu usafishe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, uache ukauke kivulini. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo, inaudhoofisha. Magari mengine yana mkanda wenye baruti ndogo inayoukaza wakati wa ajali. Hiyo ikishalipuka ni kubadilisha yote, na kazi hiyo mwachie fundi aliyesomea.

Ukikuta mbovu, ufanyeje?

Sema kwa heshima: "Kaka, mkanda huu haushiki, naomba kiti kingine." Hakuna kiti? Subiri gari jingine kama unaweza. Na mkikaa wawili kiti cha mbele, hata mkanda mpya hausaidii: mkanda mmoja, mtu mmoja. Ukiufunga, upite katikati ya bega na chini kwenye nyonga, usiupitishe tumboni wala chini ya kwapa.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva na abiria wa mbele wafunge mkanda. Trafiki ataangalia kama umeufunga. Kama unashika au haushiki, hilo utalijua wewe uliyekaa hapo. Vuta ghafla kabla gari halijaondoka stendi!