Nyumba ya Likoni: unanunua kuta au unanunua ardhi?

Anayetafuta nyumba ya kununua Likoni hukutana na jambo la kushangaza. Nyumba mbili za Kiswahili, zote vyumba sita, korido katikati na uwani nyuma, zimepakana mtaa mmoja, lakini moja bei yake ni mara kadhaa ya mwenziwe. Mgeni hudhani ile rahisi ina ufa au ina kesi. Dalali humjibu kwa maneno mawili tu: bila ardhi.

Maana yake ni kwamba anayeuza ana kuta, paa na milango. Ardhi iliyo chini ni ya mtu mwingine, ambaye hulipwa kodi ya kiwanja. Utaratibu huu hauko Likoni peke yake. Uko Majengo, Kisauni, hata Malindi. Kwetu pwani haukuwa ajabu. Tangu zamani mnazi uliweza kuwa wako na shamba likawa la mwenzako, na kila mmoja akajua haki yake. Sheria ya Kiingereza ndiyo iliyokuja na mawazo mengine, kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi.

Kisha ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Katika ukanda wa maili 10 wa pwani kila mtu alitakiwa apeleke madai yake yasajiliwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Walioyajua makaratasi walipata hati. Wengi waliokuwa wakilima na kuzika wazee wao pale hawakupata kitu, na wajukuu wao leo wanaitwa maskwota. Likoni inalijua hilo vizuri kwa sababu ya shamba la Waitiki, ekari zaidi ya 900, ambalo Serikali ililazimika kulinunua ndipo wakazi wakaanza kupewa hati Januari 2016.

Sasa kwa nini mtu anunue nyumba bila ardhi? Kwa sababu ndiyo aimudu. Mfanyakazi wa bandarini au muuza nguo wa Marikiti akijumlisha kodi ya chumba kisiwani kwa miaka kumi, anaona afadhali avuke ng'ambo awe na pake. Anavyo vyumba vitano vya kukodisha, na feri kwa mwenda kwa miguu ni bure.

Ni bure kwa pesa, si kwa muda. Anayekaa ndani ndani, kule Shika Adabu kwa mfano, hupanda matatu au tuktuk hadi kivukoni, akavuka, akapanda nyingine hadi mjini, na jioni ni vivyo hivyo. Nauli nne kwa siku. Feri moja ikiharibika, foleni hufika barabarani na mwajiri hataki kusikia habari ya feri. Mgonjwa akipewa rufaa usiku kwenda hospitali kuu ya Makadara, naye lazima avuke. Ukitaka kujua bei ya kweli ya nyumba ya ng'ambo, hesabu hayo yote pamoja.

Barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini hadi Kibundani bila kupitia kivukoni, imewafaa wenye magari na malori. Mwenda kwa miguu bado ni wa feri. Lakini wanunuzi wa ardhi wameiona barabara hiyo, na hapo ndipo pa hatari kwa mwenye nyumba bila ardhi: mwenye kiwanja anaweza kukiuza nawe ukiwa juu yake. Benki nayo haitakukopesha ukomboe mahali pako, kwani huna hati ya kuweka rehani. Kwa maoni yangu, serikali za kaunti na bunge zingeanza hapa, kwa kumpa mwenye nyumba nafasi ya kwanza ya kununua kiwanja alichojengea, kabla ya kuzungumzia miradi ya majumba mapya.

Anayenunua leo asiridhike na mkataba wa muuzaji peke yake. Aulize nambari ya kiwanja, aende kwa msajili wa ardhi ajue jina la mwenye hati na kama kuna rehani, kisha amtafute mwenye ardhi huyo amtambue kwa maandishi. Aulize pia kama anaruhusiwa kujenga kwa mawe au ghorofa, maana wengi wa wenye viwanja hukataa. Na kama ardhi yenyewe inauzwa, sheria ya Kenya inataka mkataba ulioandikwa, wenye saini za pande zote na shahidi.

Waliorithi wana kazi nyingine: risiti za kodi ya kiwanja. Mara nyingi zimo sandukuni mwa bibi, zimefungwa kitambaa, na yeye pekee ndiye anayemjua aliyekuwa akija kuipokea. Aulizwe angali hai.