Tetemeko la ardhi: kwa nini ardhi hutikisika, na hupimwaje?

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri hivi, ardhi ilitikisika mkoani Kagera, Tanzania. Zaidi ya watu 15 walifariki na maelfu ya nyumba ziliharibika. Tetemeko hilo lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na lilisikika hadi Uganda na Rwanda.

Ardhi hutikisika kwa nini?

Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa ya miamba, na mabamba hayo husogea polepole sana. Afrika Mashariki inapasuka kando ya Bonde la Ufa, kwa milimita chache tu kila mwaka. Miamba ikivutwa hivyo haiachii mara moja. Hushikana kwa miaka mingi, kama kamba inayozidi kukazwa, halafu siku moja hukatika ghafla na kuteleza. Nguvu iliyokuwa imejibana hutoka kama mawimbi, na hayo ndiyo tunayoyasikia miguuni.

Wataalamu hujuaje lilikoanzia?

Hutumia sismografu, mashine inayoandika mtikisiko wa ardhi. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili yanayopita ndani ya ardhi. Ya kwanza huenda mbio, ya pili hufuata nyuma yakiwa na mtikisiko mkali zaidi. Ni kama radi: unaona mwanga kwanza, kisha unasikia ngurumo, na kadiri muda kati yake unavyorefuka ndivyo radi ilivyopiga mbali. Mawimbi ya pili yakichelewa sekunde 10, tetemeko limetokea umbali wa kilomita 80 hivi. Vituo vitatu vikilinganisha vipimo vyao, mahali pa tetemeko panajulikana.

Na zile namba?

Tetemeko la ukubwa wa 6 halizidi la 5 kidogo tu. Hutikisa ardhi mara 10 zaidi, na nguvu inayotoka ni takriban mara 32. Lakini madhara hutegemea pia kina cha tetemeko, aina ya udongo na uimara wa nyumba. Ukuta wa matofali ya udongo usiofungwa vizuri kwenye pembe huanguka upesi.

Je, linaweza kutabiriwa?

Hapana. Wataalamu wanaweza kusema ni maeneo gani yako hatarini, lakini hakuna anayeweza kutaja siku wala saa. Ukipokea ujumbe wa simu unaosema tetemeko kubwa litapiga leo saa nane usiku, usiuamini wala usiusambaze. Lililo kweli ni kwamba baada ya tetemeko kubwa, midogo huweza kufuata kwa siku au wiki kadhaa. Kwa hiyo usirudi kulala ndani ya nyumba yenye nyufa kubwa kabla haijakaguliwa.

Ufanye nini likitokea?

Ukiwa ndani, inama, ingia chini ya meza imara, kinga kichwa na ushikilie mpaka mtikisiko uishe. Usikimbilie mlangoni matofali yakiwa yanaanguka. Ukiwa nje, kaa mbali na kuta, miti na nyaya za umeme. Ukitulia, zima moto wa jikoni, kisha mwangalie jirani, hasa wazee na watoto.