Shairi na Tarumbeta: Nani Amfuate Mwenzake?

Kwetu shairi huzaliwa na sauti yake. Vina na mizani vikitimia, mghani huipata njia. Lakini shairi likitiwa katika muziki wa jazi, nani amfuate mwenzake?

Nauliza kwa sababu yalinikuta. Zamani kidogo nilisoma shairi studio, bendi ikipiga nyuma yangu. Kanda ilipotoka nilimpelekea mama kwa fahari. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Ngoma nimeisikia, mwanangu. Wewe ulikuwa unasema nini?"

Jibu nililipata katika santuri ya Langston Hughes, mshairi Mmarekani Mweusi, ambaye mwaka 1962 alihudhuria mkutano wa waandishi wa Afrika pale Makerere. Mwezi Machi 1958, mjini New York, aliingia studio na makundi mawili. Upande mmoja wa santuri kuna tarumbeta ya Red Allen, kwa mtindo wa kale. Upande wa pili kuna kundi la mpiga besi Charles Mingus. Hughes haimbi. Anasoma tu, kama mtu anayezungumza na jirani barazani, na kila neno linasikika.

Siri yake ni bluzi, nyimbo za majonzi za Wamarekani Weusi. Ubeti wa bluzi una vipande 12, kila kimoja mapigo manne. Umegawanyika mara tatu: kauli, kauli ile ile kurudiwa, kisha jibu. Kila sehemu ina vipande vinne; mwimbaji hutumia kama viwili, vinavyobaki huachiwa chombo kijibu. Hughes alikuwa akitunga baadhi ya mashairi yake kwa umbo hilo tangu miaka ya 1920. Kwa hiyo nafasi ya tarumbeta ilikuwamo ndani ya shairi kabla mpigaji hajaitwa.

Je, sisi hatuna nafasi hiyo? Tunayo. Mshororo wetu wa mizani 16 hupumzika baada ya mizani ya nane. Hapo ndipo chombo kijibu, na mghani anyamaze.

Mimi na bendi yangu tulisema wote kwa pamoja, hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Anayetaka kuoanisha shairi na muziki asianze kwa kutafuta wapigaji. Kwanza atafute mahali shairi linapovuta pumzi.

Tukutane wiki ijayo.