Umepata slaidi za 3D za guka kwa box? Cheki fremu kwanza, usiharibu

Msee wa Nax, hebu skia. Kama pale kwenu Milimani ama Section 58 kuna box ya slaidi za kitambo, usitupe. Slaidi si picha ya kuprint. Hiyo filamu umeshika ndiyo ilikuwa ndani ya kamera, na haina negative. Ukiikwaruza, imeenda hivyo.

Ukiona fremu ndefu iko na picha mbili zinafanana, hiyo ni stirio. Kamera ilikuwa na lenzi mbili, moja ya kila jicho. Ukizicheki na kifaa chake, shimo la Menengai linatokea kabisa! Stereo Realist ya Marekani, iliyotoka 1947, ndiyo ilifanya hii maneno ishike.

Fremu ikiwa imechoka, uko na chaguo tatu:

Kadibodi: ni nyepesi na bei ni poa, lakini ikishika unyevu inapinda.

Kioo: inanyoosha filamu fiti, lakini vumbi likiingia ndani utaliona kwa kila picha. Unyevu ukifungiwa humo, kuvu inaota. Na wasee husema jina Nakuru lilitoka kwa neno la Kimaasai la vumbi, so jipange.

Plastiki: inafungwa bila gundi, ukikosea unafungua unarudia. Kama ni mara yako ya kwanza, chukua hii.

Saizi nayo? Fremu ya kawaida ni milimita 50 kwa 50, haitoshi picha mbili. Ya stirio ni 41 kwa 101. Pima upana wa picha moja: ikiwa kama milimita 22, itisha fremu ya 5P. Ikiwa kama 28, itisha 7P.

Kabla ufungue, andika kwa fremu gani ni ya kushoto na gani ya kulia. Ukizibadilisha, heroe wa mbele ataonekana ako nyuma ya milima. Ziweke level pia, moja ikipanda juu kichwa itakuuma. Shika filamu kwa kingo tu, vidole vyako viko na mafuta.

Halafu keti na shosh akuambie hao watu ni nani na ilikuwa mwaka gani. Andika kwa fremu na penseli. Hiyo story haiko kwa filamu, iko kwake tu.